Mshindi Atakula Kwangu

Taabu yangu ilianza mwaka wa 1973, nikiwa na miaka kumi, siku niliyopewa firigisi.

Baba alikuwa mtu wa reli. Alitengeneza mabehewa, alirudi jioni akinuka grisi, na Jumapili tukibahatika kuku, firigisi aliila peke yake huku sisi tunamtazama. Kwetu magharibi firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke hali, mtoto hali, hata alie mpaka ashikwe na kwikwi. Mimi nilikuwa kifungua mimba na nilikuwa na mdomo, nikamwomba nionje. Alitafuna kwanza, akameza, ndipo akasema, "Ngoja ukue. Nitakupa mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Mwaka huo kifua kilimshika, akafa. Tulipomzika kule nyumbani kuku alichinjwa, na baba zangu wadogo wakasukuma sahani mpaka mbele yangu. Mmoja akaniambia, "Kula. Sasa ni wewe." Nilitafuna ile nyama mpaka taya zikauma. Haikupita. Nilitoka nikaitema nyuma ya nyumba, mbwa akaichukua.

Nyumba ya reli huenda na kazi. Mwenye kazi akifa, mjane na watoto wanapewa siku chache za kufunga mizigo. Mama alitupeleka Mathare, chumba cha mabati juu ya mto, mvua ikinyesha tunalala tumekaa. Shule niliiachia darasa la tatu. Sijailaumu wala sijaililia. Nilikwenda kwa fundi wa mabati, nikaanza kwa kunyoosha misumari iliyopinda, nikafundishwa kukata pipa, nikatoka kwenye pipa nikaingia kwenye jiko, nikatoka kwenye jiko nikaingia kwenye masanduku ya chuma ya watoto wa bweni. Masanduku ndiyo yalinitoa Mathare. Kama ulisoma bweni na sanduku lako lilikuwa la bluu lenye kona nyeusi, huenda ulilala karibu na kazi ya mkono wangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Majivuno ninayo, sikatai, lakini hilo ni kweli pia.

Ninayotaka kueleza hapa ni habari ya Jumamosi moja mwaka jana, timu ya chuo cha mwanangu ilipokuja kucheza mpira wa vikapu hapa mtaani kwetu Jericho.

Nina watoto wanne. Mmoja yuko Uarabuni, mmoja ameolewa pwani, mmoja ana kazi mbali na husema atakuja Krismasi. Wa mwisho ni kijana, yuko chuo mji mwingine. Mama yao alishatangulia. Tangu tumzike, nyumba hii ya kaunsili ya jiji, ya vyumba viwili, ambayo tulipokuwa sita tulipishana kwa ubavu, imekuwa na nafasi mpaka inanikera. Redio naiwasha asubuhi na sisikilizi habari. Nataka tu mtu awe anazungumza.

Huyu wa mwisho tangu mazishi hakuwahi kulala nyumbani. Alipita mara chache, akakaa kwenye ncha ya kiti na begi mapajani. Kwenye simu ilikuwa hivi:

"Sasa baba. Uko poa?"

"Niko."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya basi."

"Haya."

Mimi si mtu wa kumbembeleza mtu. Kumwambia mtoto wangu njoo, nyumba imenyamaza, maneno hayo sikuwa nayo mdomoni. Lakini alikuwa anatimiza umri, masharubu yametoka, na mimi nilikuwa nimekata shauri jambo moja. Firigisi yake nitampa nikiwa hai, kwa mkono wangu, ndani ya nyumba yangu. Hatasukumiwa sahani na watu akiwa amevimba macho. Lilikuwa hilo tu.

Basi nikasikia fainali ya vyuo itachezewa uwanja wa mtaa wetu. Uwanja huo naujua. Ringi ya kikapu ya upande wa barabara niliitengeneza mimi mwenyewe, ile ya zamani ilipoanguka na watoto wakabaki wanatupa mpira kwenye ubao mtupu. Nilipinda chuma cha ujenzi, nikachomelea, nikafunga na bolti za lori. Ni ringi ngumu. Mpira usipoingia sawasawa unarushwa mbali. Kijana wangu alijifunzia hapo hapo tangu mpira ukimzidi kichwa, alijua kila tabia yake. Ni mfupi kama mimi, ndiye anayegawa mipira kwenye timu, na ana shabaha.

Mahali tunapokunywa chai karibu na uwanja, wazee wenzangu walianza kunichokoza.

"Wewe, umesikia hao wanaokuja kucheza na kijana wako? Wanaruka hao! Wamefungwa spring za godoro miguuni."

"Kuruka si kazi. Hata kiroboto anaruka," nikawaambia.

"Kijana wako atapita katikati ya miguu yao."

"Akipita atafunga."

"Utalia, mzee."

Hapo nikasimama na kikombe mkononi. Nilisema kwa sauti, uwanja mzima ukasikia, na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi wakageuka. "Jumamosi mshindi atakula kwangu! Timu nzima! Kuku, ugali, na mboga!"

"Mshindi yeyote?"

"Nimesema mshindi."

Walicheka, wakapiga meza. Kijana mmoja akaweka maneno yangu kwenye simu yake, na jioni ile ile timu zote mbili zilikuwa zimeyapata, na makocha wao pia.

Jirani yangu ni mama mmoja Mswahili, asili yake pwani, tunatumia ukuta mmoja tangu watoto wetu wakinyonya. Nilimwendea anisaidie kupika. Akanitazama.

"Nasikia umesema mshindi."

"Nimesema."

"Kwani mwanao hana jina la kuitiwa? Si ungemwambia, mwanangu njoo na wenzako mle kwa baba yenu? Akishinda, akishindwa."

"Kumwita mtu aliyeshinda ni heshima."

"Na kumwita mtoto ni nini?"

Nilichukua sufuria lake kubwa nikaenda kulisugua.

Kuku nilinunua wa kienyeji, nimewashika mwenyewe kifua mmoja mmoja. Kaka yake yule mama ndiye aliyewachinja, kwa sababu hapa kwetu ukipikia watu wengi hujui nani ni Mwislamu, na haifai mgeni akae mbele ya chakula anameza mate. Firigisi zote nilizisafisha mimi. Kubwa kuliko zote, ya jogoo, niliichemsha peke yake, nikaikaanga na kitunguu, nikaiweka kwenye sahani ya bati yenye maua ambayo mke wangu hakuruhusu mtu aiguse, nikaifunika na bakuli. Kisha nikavaa koti nikaenda uwanjani.

Nikae kwenye ukweli. Mwanzo tulicheza vizuri. Kijana wangu alisimama pale pale alipokuwa akisimama utotoni, karibu na ufa wa saruji, akatupa mpira, ukaingia bila kugusa chuma. Akarudia. Wazee wenzangu wakaacha kunichokoza. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele, mikono kifuani, simwangalii mtu.

Kisha wale wengine wakapata joto.

Sijui niwaelezeje. Mpira ukigonga ubao ukarudi, vijana wetu waliungoja ushuke. Wale waliufuata huko huko juu. Kijana wangu akitupa, mkono unatokea mahali ambapo hapakuwa na mtu, mpira unapigwa kofi mpaka kwa wachuuzi wa mayai. Vijana wetu walikuwa na akili, walikuwa na mipango, kocha wao alikuwa na kiubao cha kuchorachora mishale. Mishale ilikuwa mizuri sana. Wale wengine hawakuchora kitu. Mmoja alikimbia kutoka kati ya uwanja, akaruka, na nikamwona kiwiko chake kiko sawa na ringi yangu. Miaka yote hiyo mtoto wangu amejifunza tabia za ile ringi, apinde mkono vipi, atupe kwa nguvu gani, na huyu akaifikia tu kwa mkono kama mtu anayetundika koti.

"Cheki huyo! Cheki msee anapaa!" vijana wakapiga kelele.

"Mama yake alimlisha nini huyo?"

"Refa, mwambie ashuke, tunataka kuendelea!"

Yule kijana alining'inia kwenye ringi, mwili wote, akabembea. Haikupinda hata kidogo. Nilifurahi, nikajifuma nafurahi, nikakasirika.

Mapumziko yalipokuja tulikuwa nyuma. Waliporudi tukawa nyuma zaidi. Kijana wangu alianza kukimbia kama mtu anayefukuza gari lililomwacha, mdomo wazi, akianguka anaamka. Alikuwa akitupa kutoka mbali kwa sababu karibu hakukaribiki. Na ile ringi ngumu, mipira iliyokosa kidogo tu ilirushwa mbali, na mbali ndiko walikokuwa wale wenye miguu. Nilianza kumwambia polepole, ndani ya koo, tulia baba, tulia. Hakuna aliyenisikia. Pengo lilipokuwa la kuchekesha watu, niliacha kutazama ubao wa pointi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, mzee mmoja wa chai akanigonga bega. "Kuku wameiva?"

Nikamwendea mwanangu. Alikuwa amekaa chini ameegemea nguzo, taulo kichwani, magoti yametoka damu kidogo. Nilisimama mbele yake. Sijui watu wengine huwaambia nini watoto wao wakiwa hivyo.

"Simama twende tukale," nikamwambia.

Hakutoa taulo. "Baba, ulisema mshindi."

"Ni kwangu. Ni kwenu pale."

"Watu wote wamesikia. Iko kwa simu ya kila mtu. Niingie nile chakula cha waliotuchapa?"

"Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mwenyewe." Hapo akatoa taulo, akanitazama, na uso ulikuwa wa mama yake lakini maneno yalikuwa yangu kabisa. "Wewe ungeingia, baba? Sema tu ukweli. Ungekuwa ni wewe, ungeingia?"

Nilitafuta uongo, nikakosa. Nisingeingia. Ningelala njaa barabarani.

"Basi," akasema.

Kocha alikuwa akiwaita, gari la chuo limewashwa. Alinyanyua begi. Alisimama kidogo, nikadhani ataniambia neno, akanishika mkono kama tunavyoshikana na watu wa kanisani, akaenda. Nilimhesabia hatua mpaka mlango wa gari, halafu nikaacha, maana watu walikuwa wakinitazama.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Ningemwambia iko sahani ya mama yako mezani, imefunikwa, ujue ina nini. Maneno hayo yalifika yeye akiwa ameshakaa dirishani upande ule mwingine.

Nyuma yangu wakaanza. "Mzee! Buda! Washindi wana njaa!" Na wale warefu walikuwa wamesimama kwenye mstari, wamevaa suruali za michezo, wananingoja kwa adabu. Neno langu lilikuwa limekaa katikati ya uwanja, kila mtu analiona. Nikasema, "Njooni."

Mlango wangu waliuinamia wote. Walijaa sebule, wengine wakakaa kwenye kitanda cha kijana wangu, magoti yao yakafika katikati ya chumba. Tangu matanga sijaona watu wengi hivyo humu ndani. Jirani yangu alikuwa akigawa ugali, ananitazama kwa pembe ya jicho.

"Mama, samahani," mmoja akauliza, "hii kuku amechinja nani?"

"Kaka yangu. Na bismillahi nimeisikia kwa masikio yangu. Kula mwanangu, umeruka sana leo."

"Asante mama. Basi nipe ya huyu pia, huyu hajaruka."

"Nani hajaruka? Wewe si ulikosa mpaka refa akakuonea huruma?"

Walicheka, wakasukumana. Ilikuwa kelele nzuri. Niwaambie, ilikuwa ile ile kelele niliyokuwa nimeinunulia kuku, ila haikuwa na mtoto wangu ndani yake. Nilikaa kwenye kiti changu cha kona nikawaitikia kila walichosema. Walikuwa watoto wazuri. Hilo ndilo liliniumiza. Wangekuwa wajinga wenye dharau ningewachukia, nikapata kitu cha kufanya.

Nahodha wao, yule aliyening'inia, alikuwa karibu na meza. Aliona ile sahani ya bati iliyofunikwa. Hakuigusa. Nikajiambia, wewe mzee, ulisema mshindi, na mshindi ni huyu. Nikafunua bakuli, nikasukuma sahani mbele yake.

"Chukua. Wewe ndiye uliyeshinda."

Aliitazama ile firigisi. Kisha akavuta mikono yake, akaificha chini ya meza. Akaniuliza asili yangu ni wapi huko magharibi, nikamtajia, akacheka kidogo. Kwao ni ng'ambo tu ya mto.

"Hapana mzee," akasema. "Hii siwezi."

"Nimekupa."

"Baba yangu yuko hai, mzee. Nile firigisi kwa watu na yeye bado anakula yake? Akisikia atanifuata mpaka chuo." Wenzake wakacheka, yeye hakucheka sana. Akaishusha sauti. "Na hii mzee ulikuwa umeiwekea mtu. Naona sahani."

Akachukua bakuli, akaifunika tena, taratibu.

Waliosha vyombo wote, walibishana nani anasugua sufuria. Wakanipa mikono, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikainua uso kuwatazama kama mtu anayesoma bango. Jua lilikuwa halijazama bado. Jirani akafunga leso yake, akasimama mlangoni.

"Mzee mwenzangu."

"Sema."

"Kesho mpigie wewe. Usingoje akupigie."

Akaenda kwake. Nilirudisha viti, nikatandika upya kitanda cha kijana, ingawa hakikuwa na mtu wa kukilalia. Nikawasha redio, watu wawili wanabishana habari ya bei ya unga, nikawaacha wabishane. Ile firigisi niliitazama kwa muda. Ningeweza kuila. Mwenye nyumba ni mimi, haki yangu. Mdomo haukutaka, ikawa ni kama ile ya kwanza niliyoitema.

Asubuhi nilishika simu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Yeye akawa wa kwanza.

"Sasa baba."

"Magoti yanaendeleaje?"

Nadhani swali hilo lilimshtua. Hajazoea. "Yako sawa. Walikula?"

"Walikula."

"Yote?"

"Firigisi haikuliwa. Nahodha wao alikataa. Alisema ina mwenyewe."

Nilisikia vijana wengine nyuma yake, na mlango ukifungwa, kisha sauti zao zikapotea, nikajua ametoka nje ili tubaki wawili.

"Ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Unauliza nini na wewe ni mtu mzima."

Halafu akasema, "Mitihani ikiisha nitakuja."

"Ushinde usishinde," nikasema. Maneno hayo yalinitoka yakiwa mazito kama chuma kibichi, lakini yalitoka.

"Haya baba."

"Haya."

Mitihani imekwisha. Alipata kazi ya muda huko huko, kisha ligi ikaanza tena, kisha likatokea hili na lile. Simu sasa tunakaa kidogo zaidi. Simsukumi. Jumamosi nakwenda uwanjani nakaa benchi la mbele, wazee wananiuliza leo nani atakula kwangu, nawaambia mle kwa wake zenu. Watoto wadogo wanatupa mpira kwenye ringi yangu, unarushwa mbali, wanaukimbilia mpaka barabarani.

Nimeulizwa na watu, mzee, wewe ulitoka Mathare na mikono mitupu, leo una nini? Nina karakana moja, yenye mashine mbili za kuchomelea na nyundo za kwangu mwenyewe. Nina ploti Dandora, vyumba vyake vina watu. Nina shamba dogo nyumbani magharibi, karibu na kaburi la baba na la mama, na la mke wangu. Nina koti moja zuri. Nina redio. Nina vitanda vitatu na nalalia kimoja. Ringi ya uwanja ni ya mtaa, lakini chuma ni kazi yangu, na hiyo naihesabu. Nina sahani ya bati yenye maua. Nina friji ndogo, na kwenye sehemu ya barafu kuna bakuli lenye mfuniko, na ndani yake firigisi ya jogoo.